László Moholy-Nagy na Sanaa ya Nuru (1895–1946)

László Moholy-Nagy alizaliwa tarehe 20 Julai 1895 katika kijiji cha Bácsborsód, kusini mwa Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Jina alilozaliwa nalo ni László Weisz. Baba alipoitelekeza familia, watoto walilelewa kwa msaada wa mwanasheria mmoja wa upande wa mama, aliyeitwa Nagy, na kijana huyo akalitwaa jina la mlezi wake. Moholy aliliongeza baadaye kutokana na Mohol, mji alimokulia, ambao hivi leo umo nchini Serbia. Hivyo jina analojulikana kwalo duniani alijiundia mwenyewe, nusu kutokana na mtu na nusu kutokana na mahali.

Alianza kusomea sheria mjini Budapest, lakini vita vikamkatiza. Akiwa afisa wa mizinga katika jeshi la Austria na Hungaria, alichora askari wenzake kwenye kadi za posta za jeshi, na mwaka 1917 alijeruhiwa. Mwaka 1919 aliihama Hungaria, akapitia Vienna, na mwaka 1920 akafika Berlin. Huko alikutana na Lucia Schulz, mwanamke msomi kutoka Prague, wakaoana mwaka 1921.

Kuanzia mwaka 1922 wawili hao walitengeneza fotogramu, yaani picha zisizohitaji kamera. Katika chumba cha giza, vitu huwekwa juu ya karatasi yenye dawa inayoathiriwa na nuru, kisha taa huwashwa kwa muda mfupi. Palipofunikwa hubaki peupe, palipopigwa na nuru huwa peusi, na kitu kinachopitisha mwanga kidogo, mathalani kioo, huacha rangi ya kijivu. Si wao waliovumbua njia hiyo. Christian Schad na Man Ray walikwisha kuijaribu. Hata hivyo, Moholy-Nagy ndiye aliyeifanya kuwa swali kuhusu kuona kwenyewe. Mkono au kichwa kikilazwa juu ya karatasi, kinachobaki si sura ya mtu bali ni mahali ambapo mwili wake ulizuia nuru. Mwaka 1923 yeye na Lucia walijitengenezea fotogramu ya vichwa vyao viwili, na ndani yake vivuli vimeingiliana. Ni taswira ya watu wawili isiyo na jicho, pua wala mdomo, lakini waliomfahamu yeyote kati yao wangemtambua kwa umbo la kichwa tu.

Michoro yake ya kidhahania ilifuata hoja hiyo hiyo. Mistari, duara na vipande vya rangi hupishana kana kwamba ni vioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, hata mtazamaji asiweze kuamua kipi kiko mbele. Michoro mingi aliipa herufi na tarakimu badala ya vichwa, na kwa kipindi fulani aliacha kutia saini upande wa mbele. Mwaka 1923 aliagiza kiwanda cha vibao kimtengenezee mchoro mmoja kwa enameli katika ukubwa wa aina tatu. Baadaye alisimulia kwamba aliagiza kwa simu. Lucia alikumbuka kuwa alikwenda kiwandani mwenyewe. Vyovyote iwavyo, mkono wa mchoraji haukugusa kazi hiyo.

Mwaka huo huo Walter Gropius alimwita kufundisha katika shule ya Bauhaus, mjini Weimar, na baadaye Dessau. Kitabu chake kuhusu uchoraji, upigaji picha na filamu kilitoka mwaka 1925. Kilibeba jina lake peke yake, ingawa Lucia ndiye aliyekuwa na ustadi wa chumba cha giza na ndiye aliyeisanifu lugha yake ya Kijerumani. Hapa pana kasoro isiyofaa kupuuzwa: msanii aliyeacha kuweka saini yake kwenye michoro hakuona tabu jina la mwenzake likikosekana kwenye kitabu. Waliachana mwaka 1929.

Utawala wa Wanazi ulimfukuza Ujerumani. Alikaa Amsterdam, kisha London, na mwaka 1937 alialikwa Chicago kuongoza shule iliyoitwa Bauhaus Mpya. Shule ilifungwa mwaka 1938 kwa ukosefu wa fedha. Mwaka uliofuata akafungua nyingine. Huko alichora juu ya plastiki angavu, akiikunja na kuitoboa, ili kivuli kinachoangukia ukutani kiwe sehemu ya mchoro. Mwaka 1945 aligundulika kuwa na saratani ya damu, na baadhi ya michoro yake ya mwisho ilipewa majina yanayotokana na ugonjwa huo. Alifariki tarehe 24 Novemba 1946.

Lucia, aliyeikimbia Berlin mwaka 1933, aliacha nyuma negativu zake za vioo za majengo ya Bauhaus. Picha hizo zilichapishwa kwa miaka mingi bila ya jina lake. Alizidai, na mwaka 1957 alirudishiwa sehemu tu.