Bibi Salme na Kuhama Mtoni

Aghalabu jina la Bibi Salme binti Said linapotajwa, fikra za wengi huelekea mwaka 1866, binti huyo wa Sultani alipoitoroka Unguja kwa manowari ya Waingereza kwa sababu ya mapenzi yake na mfanyabiashara Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete. Makala haya yanadhamiria kuangazia safari nyingine, fupi mno, ambayo haizungumzwi sana: ile ya mwaka 1851, alipohamishwa kutoka kasri la Mtoni akiwa na umri wa takriban miaka saba.

Salme alizaliwa Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Kasri hilo lilikuwa ufuoni, kaskazini mwa mji, nalo lilifanana na kijiji kizima. Sayyid Said alikuwa na masuria wengi, na alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36 walio hai. Uani walitembea tausi, paa, mbuni na mabata bukini. Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi na Kicherkesi vilisikika chini ya paa moja. Katika roshani iliyoelekea baharini, Sultani alizoea kutembea akienda na kurudi, kichwa amekiinamisha. Mtoto aliyelelewa katika msongamano huo hakujua upweke ni nini.

Kilichomhamisha ni ahadi ya kina mama wawili. Mamake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyeletwa Unguja angali mtoto. Sara, suria mwenzake wa asili hiyohiyo, alikuwa mamake Majid na Khaduji. Wawili hao waliahidiana kwamba atakayesalia atawalea watoto wa mwenziwe. Sara akatangulia. Majid alipotimiza umri wa kujitegemea akapewa nyumba mjini, Beit il Watoro, na Jilfidan akaenda kuitekeleza ahadi, bintiye mkononi.

Salme aliiona nyumba hiyo finyu, na akaililia Mtoni. (Jina lenyewe lina kejeli yake, kwa kuwa msichana huyo angekuja kuwa mtoro maarufu kuliko wote kisiwani.) Hata hivyo, Majid alimpenda na kumfunza mambo ambayo wasichana wa hadhi yake hawakufunzwa: kulenga shabaha, kupigana kwa upanga na kushindanisha majogoo. Kwa hakika, alikuwa kama baba wa pili. Katika miaka hiyo ya utotoni Salme alijifunza pia kuandika, kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wasichana walifundishwa kusoma tu.

Baada ya takriban miaka miwili mama na binti walihamia Beit il Tani, alikokaa dadake Khole. Hapo ndipo kiini cha mkasa. Majid alitawala Unguja baada ya baba yao, naye Barghash akakitamani kiti hicho. Mwaka 1859 Jilfidan alifariki kwa kipindupindu, na mwaka uohuo Khole akamvuta Salme upande wa Barghash. Kalamu aliyojifunzia mafichoni sasa ilitumika kuwaandikia waasi barua zao dhidi ya ndugu aliyemlea. Alikuwa na miaka 15. Wapo wanaomtetea kwa udogo wake. Sisi tunaona kwamba alijua vyema anachokitenda, na kwamba mapenzi yake kwa Khole yalizidi shukrani.

Waingereza waliuzima uasi huo na Barghash akahamishiwa Bombay. Majid alimsamehe dadake. Salme alipopatana naye, Khole na wafuasi wa Barghash wakamtenga, hivi kwamba katika ukoo ule mkubwa hakubakiwa na nyumba ambayo angeweza kuiita kwao. Miaka michache baadaye ndipo alipokutana na Ruete.

Alirejea Unguja mwaka 1885, wakati Barghash alipokuwa Sultani, naye Barghash akakataa kumpokea. Mwaka uliofuata kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Zinaanza na Mtoni.