Beijerinck, Mtu Aliyewatoa Bakteria Kwenye Vinundu vya Mikunde

Ndugu msikilizaji, ukienda shambani kesho, chimbua mche mmoja wa kunde unaokaribia kutoa maua. Uchimbue taratibu, usikate mizizi. Utaona vinundu vidogo vimeshikamana na mizizi. Kipasue kimoja kwa kucha. Ukikuta ndani ni pinki au pekundu, ujue kinafanya kazi ya kuulisha mmea. Leo tunakusimulia maisha ya mtu wa kwanza kuwatoa bakteria wanaoishi humo na kuwakuza peke yao.

Martinus Willem Beijerinck alizaliwa Amsterdam, Uholanzi, tarehe 16 Machi 1851. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa tumbaku. Biashara ilimshinda, akaishia kuwa karani wa reli, na nyumba ikaishi kwa shida. Kijana Martinus alipenda mimea. Alisoma Delft, kisha Leiden, na mwaka 1877 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti wa uvimbe unaoota kwenye mimea inaposhambuliwa na wadudu. Alifundisha kilimo mjini Wageningen, na mwaka 1885 akaajiriwa na kiwanda cha hamira na spiriti huko Delft, akapewa maabara yake.

Wakati huo wataalamu walikuwa wakibishana. Wakulima walijua tangu zamani kwamba shamba lililopandwa mikunde humpa nguvu nafaka inayofuata, lakini sababu haikujulikana. Mwaka 1886 Mjerumani Hermann Hellriegel alieleza kwamba mikunde yenye vinundu hupata naitrojeni kutoka hewani. Naitrojeni ndiyo chakula kinachoupa mmea rangi ya kijani na nguvu ya kukua, na karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Mahindi hayawezi kuichukua moja kwa moja. Je, mikunde iliwezaje?

Hapo ndipo Beijerinck alipoingia. Alichukua vinundu, akasafisha nje yake, akavipasua, na kilichokuwa ndani akakiotesha juu ya jelatini iliyochanganywa na maji ya mimea ya njegere iliyochemshwa. Bakteria wakaota. Mwaka 1888 alitangaza kwamba amewapata wakiwa safi, bila kuchanganyika na wengine, akawaita Bacillus radicicola. Baadaye aliwarudisha kwenye miche ya maharage makubwa ya Ulaya iliyooteshwa bila bakteria, na vinundu vikatokea. Mwaka 1889 Mjerumani Albert Frank akawapa jina la Rhizobium, ambalo linatumika hadi leo.

Mwaka 1895 Beijerinck alifanywa profesa huko Delft. Mwaka 1898 alieleza kwamba ugonjwa wa madoa ya majani ya tumbaku husababishwa na kitu kidogo kuliko bakteria, kinachopenya kwenye chujio. Ndicho tunachokiita kirusi leo. Mwaka 1901 alieleza Azotobacter, bakteria wanaokamata naitrojeni wakiwa wenyewe udongoni, bila kuhitaji mzizi.

Hatutaficha upande wake mwingine. Alikuwa mkali, na wanafunzi wake walimwogopa. Hakuoa. Alistaafu mwaka 1921 akiwa na miaka 70, akahamia kijiji cha Gorssel pamoja na dada zake. Alifariki tarehe 1 Januari 1931.

Bakteria wote wa vinundu aliwaweka chini ya jina moja, ingawa aliona kwamba hawafanani. Waliomfuata waligundua kwamba bakteria wanaofaa njegere hawafai soya, na wa soya hawafai maharage. Jina lile moja likagawanyika, na leo zinajulikana spishi nyingi sana.

Nyingine zilitoka kwenye miti na mikunde ya porini. Mwaka 1999 watafiti walitangaza spishi mbili mpya, Sinorhizobium arboris na Sinorhizobium kostiense, zilizotoka kwenye vinundu vya miti jamii ya mikunde huko Sudan na Kenya. Jina la pili limetokana na mji wa Kosti, Sudan.

Hatua za mwanzo ni zilezile za Beijerinck: kung'oa mmea, kuosha kinundu, kukipasua, kuotesha bakteria hadi wabaki wa aina moja, kisha kuwarudisha kwenye mche uone kama vinundu vitatoka. Kilichoongezeka ni kupima vinasaba, ili kujua kama ni spishi inayojulikana au ni mpya.

Mkulima anapata nini hapo? Mimea ya porini huishi kwenye ukame, chumvi na udongo uliochoka, na bakteria wake wamezoea hali hizo. Huenda miongoni mwao wakapatikana wa kusaidia mazao yetu. Pori likifyekwa lote kabla halijachunguzwa, tunaweza kupoteza tusichokijua.

Kwa hiyo, msikilizaji wetu, ukipasua vinundu vya soya ukakuta ndani ni peupe au kijivu, au ukakosa vinundu kabisa wakati mmea unakaribia maua, usikimbilie kulaumu mbegu. Huenda udongo wako hauna bakteria wa soya. Muulize afisa ugani wako kuhusu bakteria wa kuchanganya na mbegu kabla ya kupanda, na hakikisha ni wa zao lako hilohilo. Wa maharage hawatakusaidia kwenye soya.