Muuza Vitambaa Aliyeuchunguza Ukoga

Hapa kwetu Theta, upande huu wa Ruiru na Thika, ningali nasikia ikisemwa kwamba mzizi wa jino la mzee ukioza, basi jino limeingiwa na mdudu. Walimu wenzangu, tusicheke upesi. Mtu wa kwanza kuandika kwamba aliona viumbe hai katika uchafu wa meno hakuwa daktari wala msomi wa chuo kikuu.

Antony van Leeuwenhoek alizaliwa mwaka wa 1632 mjini Delft, Uholanzi. Alikuwa muuza vitambaa, na Kilatini, lugha ya wasomi wa enzi zile, hakukijua. Alijitengenezea lenzi na hadubini kwa mikono yake. Mwaka wa 1680 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Mwaka wa 1683 akaiandikia barua kuhusu ukoga alioukwangua katika meno yake mwenyewe, ingawa alikuwa na desturi ya kuyasugua kwa chumvi kila asubuhi. Humo aliona vijidudu tele wakienda huku na huko. Alipoujaribu ukoga kwa siki, wale wa juu walikufa, wa ndani wakasalimika. Alifariki mwaka wa 1723 bila kujua ni kitu gani kiliwashikilia kwenye jino.

Leo twajua. Juu ya ngozi ya bakteria mna protini zifanyazo kazi ya kulabu. Baadhi hunasa utando wa mate ulioganda juu ya jino. Fizi za mzee zikishuka, mzizi hubaki wazi bila lile gamba gumu la jino, na baadhi ya bakteria, kama Streptococcus mutans, wana protini ziwezazo kushika kolajeni ya mzizi huo. Wakishajikita, hugeuza sukari kuwa asidi, nayo huula mzizi. Ndiyo sababu kusukutua pekee hakutoshi. Sharti kupiga mswaki.

Nami nakiri kosa langu. Kwa miaka mingi niliwakaririsha wanafunzi jina la Leeuwenhoek bila kuwaonyesha hata tone moja la maji chini ya lenzi. Nilimheshimu mtu aliyejionea mwenyewe, kisha nikawanyima vijana nafasi ya kujionea. Muhula ujao nitaanza na ukoga wangu. Wautazame kwanza, jina lake watalisikia baadaye.