MAISHA YA SEMEI KAKUNGULU, MTU WA VITA ALIYEKETI KUJIFUNZA



Mara nyingi tunaulizana katika Kanisa: mkubwa wetu akilala, kazi ya Mungu itashikwa na nani? Leo tunaleta mbele yenu maisha ya mtu wa Uganda, nchi jirani, tupate kujifunza.

Semei Kakungulu alizaliwa karibu na mwaka wa 1869 katika nchi ya Kooki. Alikua akawa mtu wa vita katika Buganda, akawafuata Waprotestanti. Mwaka wa 1899 alikuwamo katika vita ambamo wafalme wawili walikamatwa, Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Halafu aliwatiishia Waingereza nchi za mashariki, akaanzisha mji wa Mbale. Alitumaini watamfanya mfalme wa nchi hizo. Hawakumfanya. Walimpunguzia mamlaka kidogo kidogo, na mwaka wa 1913 akaacha uongozi waliompa katika Busoga.

Mtu aliyenyimwa ufalme akaketi kusoma Biblia. Kwanza aliungana na Wamalaki, kanisa lililoanzishwa na Waafrika wenyewe, lililokataa dawa za hospitali. Lakini aliposoma vitabu vya Musa, alikuta mule amri ya tohara. Mwaka wa 1919 akatahiriwa, yeye na wana wake. Wamalaki walimwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Akawajibu kwamba ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Ndivyo jamii ya Abayudaya ilivyoanza chini ya mlima Elgon. Mwaka wa 1922 akatoa kitabu cha amri na maombi kwa Kiganda.

Angalieni, wandugu: wakati ule yeye alikuwa mkubwa, yeye mwalimu, yeye mwenye kuamua. Lakini katika miaka ile ya 1920 alifika kwake Myahudi mmoja mgeni, jina lake Yosef, akafundisha sikukuu, hesabu ya miezi na namna ya kuchinja. Kakungulu, aliyepigana na wafalme, akaketi kama mwanafunzi. Desturi za Kikristo alizokuwa amezishika bado, akaziacha. Hapo mamlaka ilianza kuhama, kutoka kwa mwenye mkuki kwenda kwa mwenye kujua Torati.

Israeli waliliona jambo hili zamani. Makuhani waliheshimiwa kwa sababu ya uzao wa Haruni na madhabahu ya Yerusalemu. Mwaka wa 70 Waroma waliteketeza Hekalu. Dhabihu zikakoma, kuhani akabaki bila kazi. Mwalimu mmoja, Yohanani mwana wa Zakai, akakusanya wanafunzi katika mji wa Yavne. Haikuwa kazi ya siku moja. Miaka mingi sana ilipita, ndipo watu wote wakawasikiliza marabi, yaani walimu wa Torati. Mtu hakuwa rabi kwa kuzaliwa, alikuwa rabi kwa kujifunza. Karibu na mwaka wa 200 mafundisho yao yakakusanywa katika kitabu kiitwacho Mishna.

Kakungulu alikufa mwaka wa 1928. Wengine wakaiacha njia yake. Wakati wa Idi Amin, tangu 1971 hadi 1979, dini yao ilikatazwa. Waliomba kwa siri, wakabaki watu mia chache tu. Jeshi la Kakungulu halikuwako tena la kuwalinda. Kilichowashika ni wazee waliofundisha watoto ndani ya nyumba. Na mwaka wa 2008 mtoto wa jamii ile, Gershom Sizomu, akawekwa kuwa rabi huko Marekani, akarudi kufundisha watu wake.

Sisi hatufuati njia ya Kakungulu, maana tunamkiri Kristo, wala hatuwakatazi wagonjwa kwenda hospitali. Lakini tunajipima kwa maisha yake. Kanisa letu pia lilizaliwa kwa mtu mmoja aliyeitwa na Mungu. Hapa Kasuku, wazee wanaojua mambo ya mwanzo wanalala mmoja mmoja, na mengi wanayashika kwa kichwa tu. Tukiwazika bila kuwauliza, tutakuwa tumezika na Kanisa.

Baba, mama, mtoto wako anajua nini juu ya imani unayoishika? Mketishe leo hii, umfundishe.

Mungu awabariki. Amina.