Landsteiner: Tabibu wa Vienna aliyegundua makundi ya damu kabla siri ya sukari haijajulikana

KWA wakazi wa Kabuku, mji mdogo wilayani Handeni kando ya barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, sukari ni ile inayopimwa dukani kwa kilo. Ni wachache wanaofahamu kwamba mtoto anapoishiwa damu kwa malaria, au abiria wa basi anapojeruhiwa katika ajali, kinachoamua kama damu ya mtu mwingine itamponya au itamuua ni sukari pia. Hiyo ni sukari ya namna nyingine, molekuli ndogo mno zilizojipanga juu ya chembe nyekundu za damu.

Aliyeufungua mlango wa elimu hiyo ni Dk. Karl Landsteiner, aliyefariki dunia mwaka 1943 akiwa na umri wa miaka 75.

Alizaliwa Juni 14, 1868, mjini Baden, karibu na Vienna, Austria. Baba yake, Leopold, alikuwa mwandishi wa habari mwenye jina. Alifariki mwanawe angali mdogo, na Karl akalelewa na mama yake, Fanny. Kijana huyo alimpenda mama yake kiasi kwamba baada ya mama huyo kufa alitundika ukutani kinyago cha uso wake, akakaa nacho hadi siku zake za mwisho.

Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1891. Badala ya kukimbilia kutibu wagonjwa, alikwenda kujifunza kemia. Miongoni mwa walimu wake alikuwa Emil Fischer wa Würzburg, Mjerumani aliyechambua maumbile ya sukari na kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Kwa hiyo Landsteiner alikaa jirani kabisa na jibu, miaka kadhaa kabla hajaliuliza swali lenyewe.

Zama hizo kumwongezea mgonjwa damu ilikuwa ni bahati nasibu. Baadhi walipona, wengine walishikwa na homa kali, mkojo ukageuka mweusi, wakafa. Wataalamu walikwishaona kuwa chembe za damu ya mtu mmoja huweza kushikamana mafungu mafungu zikikutana na majimaji ya damu ya mwingine, lakini wengi walidhani hiyo ni dalili ya maradhi.

Landsteiner hakuridhika na maelezo hayo. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa maabara, watu wazima wa afya, akatenga chembe na majimaji, kisha akavichanganya kwa zamu. Mwaka 1901 alitangaza kuwa binadamu wamegawanyika katika makundi matatu, A, B na C, ambalo baadaye liliitwa O. Kundi la nne, AB, liligunduliwa mwaka uliofuata na Alfred von Decastello na Adriano Sturli.

Dunia haikushangilia. Msomi huyo aliendelea na kazi yake ya kupasua maiti, zaidi ya 3,600 katika miaka kumi. Mwaka 1908, akiwa na Erwin Popper, alifanikiwa kuwaambukiza nyani ugonjwa wa polio, hatua iliyosaidia kuthibitisha kuwa unaletwa na kirusi. Ni Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na majeruhi wake wengi, iliyowafanya matabibu wauthamini upimaji wa makundi ya damu.

Vita hiyo iliiacha Vienna katika dhiki. Mwaka 1919 alihamia The Hague, Uholanzi, kisha akaitwa New York katika Taasisi ya Rockefeller. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1930, karibu miongo mitatu baada ya ugunduzi wake. Hakupumzika: mwaka 1940 yeye na Alexander Wiener walitangaza kigezo cha Rhesus, kile ambacho wajawazito hupimwa kliniki.

Lakini A na B ni kitu gani hasa? Katika miaka yake ya mwisho Landsteiner alikuwa akilichunguza hilo, akitumia hata ute wa tumbo la nguruwe ambao una dutu ya kundi A. Juni 24, 1943, alipatwa na mshituko wa moyo akiwa maabara, pipeti mkononi. Alifariki siku mbili baadaye.

Jibu kamili lilipatikana London katika miaka ya 1950, kwa juhudi za Walter Morgan na Winifred Watkins, waliosaidiwa, pamoja na mengine, na damu ya samaki aina ya mkunga. Juu ya chembe nyekundu kuna minyororo ya sukari. Kimeng'enya maalumu hubandika mwishoni mwake sukari iitwayo fukosi, na hapo msingi umekamilika. Mwenye kundi O huishia hapo. Mwenye kundi B huongezewa galaktosi, na wa A huongezewa sukari ya jamii hiyo hiyo yenye umbo tofauti kidogo. Tofauti ya sukari moja tu ndiyo iliyokuwa ikiua watu. (Chai yenye sukari nyingi haibadilishi kundi la mtu, minyororo hiyo hutengenezwa na mwili kwa maagizo ya vinasaba.)

Mwaka 1952 madaktari wa Bombay, India, walieleza habari za watu wasio na fukosi hiyo kwenye chembe zao nyekundu. Hao hawawezi kupewa hata damu ya kundi O. Wapo pia watoto wachache sana duniani ambao mwili mzima umekosa fukosi ya kutosha. Chembe zao nyeupe hushindwa kushika kuta za mishipa ili zitoke kwenda kupambana na vijidudu, nao huugua mara kwa mara.

Kwa nchi za malaria, habari iliyo muhimu zaidi ilitoka Mali mwaka 2007. Watafiti walionyesha kuwa watoto wa kundi O hupata malaria kali kwa nadra kuliko wengine. Chembe iliyoingiwa na kimelea huzivuta chembe nzima zijikusanye kuizunguka na kuziba mishipa midogo, na hushika kwa nguvu zaidi pale inapokuta sukari za A na B. Kundi O halimzuii mtoto kuumwa na mbu wala kuugua, bali hupunguza uwezekano wa kufikia hatua ya kuhitaji damu ya mwenzake.