Nidhamul-Mulk: Waziri Aliyesimamia Madrasa

Ndugu mwanafunzi, kila madrasa ina watu wasioingia darasani, lakini bila ya wao darasa halisimami. Hao ndio wasimamizi: humtafuta mwalimu, huilinda mali ya wakfu, na paa likivuja wao ndio wa kuulizwa. Mmoja wa wasimamizi mashuhuri katika historia ya Uislamu ni waziri Nidhamul-Mulk.

Jina lake ni Hasan bin Ali. Alizaliwa mwaka 408 Hijria (1018) karibu na mji wa Tus, katika Iran ya leo. Alisoma tangu utotoni, kisha akaingia katika kazi ya serikali. Aliwatumikia masultani wawili wa Seljuk, Alp Arslan na mwanawe Malik Shah, akawa waziri kwa takriban miaka 30.

Alijenga madrasa katika miji mingi, ikiwemo Nishapur na Isfahan. Zote zikaitwa Nidhamiyya kwa jina lake. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya Baghdad, iliyoanza kujengwa mwaka 457 Hijria (1065) kando ya mto Tigris. Aliiwekea wakfu wa mali ili mapato yake yawatunze walimu na wanafunzi. Masharti ya wakfu yalitaja mudarisi, mtunza maktaba, msomeshaji wa Qur'ani na mwalimu wa nahau. Yalitaka pia iwe ya watu wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi katika mwambao wetu. Haki ya kumteua na kumuondoa mudarisi aliishika mwenyewe.

Madrasa ilifunguliwa mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 459 (1067). Watu walijaa wakimsubiri Sheikh Abu Ishaq al-Shirazi, mwanachuoni mkubwa aliyechaguliwa kusomesha. Sheikh hakutokea. Njiani kijana mmoja alimuuliza vipi atasomesha mahali palipochukuliwa kwa dhulma, maana palikuwa na maneno kwamba ardhi na vifaa vya ujenzi havikupatikana kwa haki. Sheikh akageuka akaenda zake. Ikabidi akalishwe Ibn al-Sabbagh mahali pake.

Fikiria aibu ile! Waziri mwenye majeshi na hazina, na mwalimu anaikataa madrasa yake mbele ya watu. Lakini Nidhamul-Mulk hakumuadhibu Sheikh. Wanafunzi nao walimsihi mwalimu wao arudi, na baada ya siku 20 Abu Ishaq akakubali kukaa katika kiti kile. Alisomesha hapo mpaka alipofariki mwaka 476 (1083). Hata hivyo imepokewa kwamba wakati wa sala alikuwa akitoka kwenda kusali msikiti mwingine, kwa kuchelea ile shaka.

Mwaka 484 (1091) Nidhamul-Mulk alimteua Imam Ghazali kusomesha Baghdad, naye hajafika umri wa miaka 35. Hakutazama umri, alitazama elimu.

Mwaka uliofuata, katika mwezi wa Ramadhani 485 (1092), waziri alikuwa safarini karibu na Nahavand. Mtu aliyejivika mavazi ya kisufi alimkaribia kama mwenye shida, akamchoma kisu. Akafa. Lakini madrasa ya Baghdad iliendelea kusomesha kwa karne kadhaa baada yake.

Tunajifunza nini? Kwanza, msimamizi aulize mali ya madrasa imetoka wapi kabla mwalimu hajamuuliza. Pili, kazi yake ni kumchagua mwalimu mwenye elimu na kumtosheleza, kisha amwachie darasa. Tatu, aweke utaratibu utakaobaki baada yake. Na wewe mwanafunzi, huenda kesho ukakalia kiti katika kamati ya madrasa hii. Anza leo kuizoea amana.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote, na atujaalie tuwe miongoni mwa wenye kutunza amana. Amin.