ALIYENYIMWA CHAKULA MBOGA
Maisha ya Apolo Kivebulaya



Karatasi hii uliyopewa hapa mkutanoni usiikunje kwanza. Isome, ni fupi. Nataka nikupe habari za mtu wa Afrika hii hii, mweusi kama wewe na mimi, aliyetumwa mahali ambapo hakuna aliyetaka kumpa hata kiazi. Akaenda. Wengine tunaomba Mungu atutume, lakini moyoni tumeshachagua mji: wenye barabara ya lami na wapendwa wa kutupokea stendi.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka 1864. Alikuwa pacha, akaitwa Waswa, jina ambalo Waganda humpa pacha wa kiume anayetangulia, kama Tanzania tunavyosema Kulwa na Doto. Usidhani alizaliwa mlokole. Ujana wake aliupitisha kwenye mambo ya waganga, akaingia katika Uislamu, akashika silaha vita vya dini vilipowaka Buganda kuanzia mwaka 1888. Bangi alivuta. Mwaka 1891 alifuatana na msafara wa Kapteni Lugard kwenda magharibi, na huko akaiona milima ya Ruwenzori. Hakujua kwamba nyuma ya milima ile ndipo Mungu alipomwekea kazi.

Neno lilimshika polepole kwa kusoma Injili. Tarehe 27 Januari 1895 akabatizwa, akapewa jina la Apolo, kama yule wa kitabu cha Matendo. Jina la Kivebulaya lilikuwa la utani tu, maana yake kitu kilichotoka Ulaya. Alipenda kuvaa koti jekundu pamoja na kanzu yake, na watu waliona koti lile limetoka kwa Wazungu. Ndivyo watu walivyo. Mungu ana mpango na roho yako, wao wanaangalia koti!

Na hapa usipite haraka. Mwezi wa Desemba 1893 mmisionari mmoja, George Pilkington, alikuwa kisiwani Kome katika Ziwa Victoria, amechoka na ukavu wa huduma yake. Akaomba mpaka Roho Mtakatifu akamjaza upya. Aliporudi mjini watu walilia dhambi zao, uamsho ukalipuka, na mwaka uliofuata walimu Waafrika wakaanza kutoka kila upande, kwa miguu, na vitabu vyao mkononi. Apolo alikuwa tunda la wakati ule. Kwa hiyo safari yake ilianzia kwenye maombi ya mtu mwingine, ambaye hata hakujua anamwombea nani. (Najua kuna msomaji atasema, huyo Apolo alikuwa Mwanglikana, mbona anaandikwa kwenye karatasi ya walokole? Ndugu yangu, tulia.)

Mwaka huo wa 1895 akajitoa kwenda Toro, kwa mfalme Kasagama. Ng'ambo ya Toro, ukishashuka na kuvuka mto Semliki wenye viboko na mamba, ukaanza kupanda tena, kuna nchi inaitwa Mboga. Siku hizi iko Kongo na huandikwa Boga. Chifu wa huko alikuwa Tabaro. Walimu wawili Waganda walikuwa wamekwenda Mboga mwaka 1896, wakashindwa. Na hawakushindwa na simba. Walishindwa na njaa. Tabaro aliona mafundisho yao yanasumbua mila zake na wake zake wengi, basi watu hawakuwapa chakula, na wale walimu wakarudi Toro.

Jamani, nchi inaitwa Mboga na mgeni anafukuzwa kwa kunyimwa mboga! Wewe unajua jinsi mgeni anavyopokelewa kwetu Afrika. Hata maskini atakopa unga kwa jirani ili mgeni asilale njaa. Mgeni akinyimwa chakula ameambiwa waziwazi kwamba yeye si mtu hapo. Kwa hiyo kanisani Toro walipotafuta mtu wa kwenda tena, kila mmoja alijua anaitiwa nini. Apolo akasema atakwenda yeye. Ilikuwa mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1896.

Alipofika hakukaa kungoja bakuli la chifu. Alishika jembe akalima mwenyewe. Mimi hapo ndipo ninapompenda mtumishi huyu. Wengi leo tukipokelewa vibaya tunakung'uta vumbi la miguu siku ya pili, na mstari tunao tayari. Kweli Bwana aliruhusu hilo, lakini soma vizuri uone kama aliwaambia wakung'ute kabla hawajaanza kazi! Apolo aliona kama chakula ndicho kinachomtoa mtu wa Mungu Mboga, basi yeye hatategemea chakula cha Mboga. Akalima, akajenga nyumba ya sala, akafundisha watu kusoma. Wachache wakaanza kuja.

Hapo moto ukawaka. Chifu akaagiza apigwe. Husimuliwa kwamba alipigwa mpaka wakamwacha wakidhani amekufa, na mwanamke mmoja akamchukua kwa siri, akamficha na kumwuguza. Jina lake halitajwi. Fikiri huyo mama alihatarisha nini. Chifu amesema mtu huyu asipewe hata maji, yeye anamwingiza ndani kwake, anamwosha majeraha, anampikia. Mama unayesoma hapa, ambaye unasema huna huduma kanisani kwa sababu hujui kuhubiri, mtazame mwenzako huyu. Bila uji wa mama yule Injili ya Mboga ingezikwa kichakani. Ni mlango ule ule wa mjane wa Sarepta aliyemlisha Eliya kwa unga wa mwisho. Basi husimuliwa kwamba Apolo alipopata nguvu alikwenda moja kwa moja kwenye ngoma yake, akaipiga kuita watu kwenye sala, na Tabaro akashangaa kuisikia.

Mateso hayakuishia hapo. Wakati mmoja wa ujenzi, mwanamke ndugu wa chifu alianguka juu ya mkuki uliokuwa kwenye majani, akafa. Ilikuwa ajali, lakini Tabaro akapata sababu. Apolo akashitakiwa kwa kuua, akafungwa, akavushwa mto hadi Toro kwa ofisa wa Kiingereza, akatiwa gerezani. Wewe umetii, umeacha nyumbani, halafu unaitwa mwuaji! Hapo imani ya mdomoni huisha.

Katika siku hizo za dhiki, usiku mmoja, Bwana Yesu alimtokea. Apolo mwenyewe alisimulia maisha yake yote kwamba alimwona kama mtu anayeng'aa kama jua. Bwana alimtia moyo, akamwagiza aende akahubiri msituni, maana atakuwa pamoja naye. Angalia, hakumwambia kesi itaisha lini, wala hakumwahidi nyumba na shibe. Alimwongezea kazi. Tena msituni, mbali kuliko Mboga!

Mwishowe aliachiliwa. Na akavuka tena Semliki, akarudi kwa watu wale wale waliomfunga. Tabaro hakuweza kumwelewa mtu wa namna hii. Baadaye chifu mwenyewe aliomba afundishwe, akabatizwa, akaitwa Paulo. Yule aliyezuia chakula akaketi na mgeni wake kwenye meza ya Bwana.

Ndugu yangu, ngoja nikuulize kabla sijaendelea. Tabaro ni nani kwako? Labda ni baba mkwe. Labda ni bosi, au jirani aliyekutangazia jambo ambalo hukufanya. Umeshamwombea leo? Na kama Tabaro ni wewe, umemfungia Yesu mlango miaka yote hii, njoo pale mbele baada ya mahubiri. Hakuna atakayekucheka.

Apolo alifanywa shemasi mwaka 1900 na kasisi mwaka 1903, akatumika Toro miaka mingi. Hakuoa. Wazungu walipopanga mipaka yao, Mboga ikaangukia upande wa Wabelgiji, na waamini wale wakabaki ng'ambo peke yao, mbali na kanisa lililowazaa. Apolo akawarudia. Mtu wa umri zaidi ya miaka 50, anaanza upya! Mwaka 1922 walimpa heshima ya kuwa kanoni wa kanisa kuu la Namirembe, jambo kubwa kwa Mwafrika wakati ule, lakini yeye Mboga ndiyo aliyoiona kwake.

Na nyumba yake Mboga sasa ilikuwaje? Imejaa watu! Watoto na vijana waliishi naye, walikula naye, walisoma kwake na kulima naye. Yeye ambaye hakupata mtoto wa kuzaa alikuwa baba wa nyumba nzima. Aliyenyimwa chakula ndiye aliyekuwa anapakua. Tena hakuhifadhi kinyongo, wala hakuuliza huyu ni mtoto wa nani, na baba yake alikuwa upande gani siku ile nilipopigwa.

Ile sauti ya usiku nayo hakuisahau. Mwaka 1921 aliingia katika msitu wa Ituri kwa Wambuti, watu wafupi wanaoishi kwa kuwinda, ambao majirani zao waliwadharau sana na kuwatumia kama vijakazi. Hakuwaita watoke waje mjini wavae nguo ndipo waokolewe. Aliwafuata kwenye vibanda vyao vya majani, akaketi nao chini, akawawekea walimu, na Injili ya Marko ikatiwa katika lugha yao. Ukitaka kujua kama una ukarimu wa kweli, usiangalie nani unamkaribisha kwako. Angalia pia kibanda cha nani uko tayari kuingia na kula kilichomo.

Alipougua na kuona siku zake zimekwisha, alitaka kufia Mboga, na huko ndiko alikofia tarehe 30 Mei 1933. Desturi ilikuwa kumlaza marehemu kichwa kikiwa upande wa mashariki. Apolo aliacha maagizo kwamba yeye alazwe kichwa upande wa magharibi, kuelekea msituni, ambako watu wengi walikuwa hawajasikia bado. Wakamzika hivyo.